Jina la Nani Liwe Juu ya Bango: Mwongozo wa Kupanga Wahusika na Majina katika Mchezo wa Muziki wa Jukwaani

Usiku wa pili wa mchezo wa muziki tuliouandaa hapa Bagamoyo, mama mmoja wa makamo alinifuata mlangoni akiwa na bango letu mkononi, amelibandua ukutani na gundi bado mbichi pembeni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akalikunjua bango chini ya taa ya meza ya tiketi. "Mwalimu," akaniambia, "jana binti yangu ameimba toka mwanzo hadi mwisho, amerudi nyumbani sauti imemkauka. Hebu nionyeshe jina lake hapa." Nililitafuta kwa kidole. Lilikuwa mstari wa pili kutoka chini, katikati ya majina ya waitikiaji, kwa herufi zinazolingana na zile za jina la mchapaji. Juu kabisa, kwa wino mwekundu uliochukua theluthi ya karatasi, lilikaa jina la mwimbaji wa taarab tuliyemwalika kutoka nje ya mji, ambaye katika mchezo mzima alikuwa na nyimbo mbili, na aliondoka kabla ya salamu za mwisho kwa kuwa alikuwa na harusi ya kuimba Dar es Salaam.

Mwimbaji yule hakuwa na kosa, wala mchapaji. Mimi ndiye niliyechanganya mambo mawili ambayo kila mtayarishaji anapaswa kuyatenganisha tangu siku ya kwanza: uzito wa mhusika ndani ya hadithi, na uzito wa jina nje ya ukumbi. La kwanza huamuliwa na mswada, la pili huamuliwa na makubaliano, na mara nyingi hayaendi pamoja. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata tangu usiku ule, na nimeziandika kwa ajili ya vikundi vyenye waigizaji kumi hadi thelathini, ambavyo ndivyo vingi katika mwambao wetu.

Hatua ya kwanza: usome mswada ukiwa na kalamu

Chukua mswada wote pamoja na maneno ya nyimbo, uchore kwenye daftari jedwali lenye safu nne: mhusika, matukio anayoonekana, nyimbo anazoimba peke yake au kuziongoza, na maamuzi yake yanayogeuza mwelekeo wa hadithi. Safu tatu za mwanzo ni hesabu tu, na yeyote anaweza kuzijaza. Safu ya nne ndiyo inayomtambulisha mhusika mkuu, na ndiyo inayowashinda watu wengi kwa sababu inadai kuisoma hadithi mara mbili au tatu.

Mchezo wetu ulimhusu binti mchuuzi wa samaki anayetaka kununua chombo chake mwenyewe, nahodha anayemkatalia, bibi yake aliyemlea, na dalali wa mnada wa samaki. Nilipojaza jedwali, dalali alitokea katika karibu kila tukio, kwa kuwa mnada ndio uliokuwa uwanja wa hadithi, na alikuwa na maneno mengi kuliko yeyote. Hata hivyo, ukimwondoa dalali yule na kumweka mwingine, mnada unaendelea na samaki wanauzwa. Binti akibadili nia, hakuna mchezo. Swali la kuuliza, kwa hiyo, ni hili: nani akiacha kutaka anachokitaka, hadithi inasimama?

Nyimbo zitakusaidia kuthibitisha jibu. Katika michezo ya muziki ya New York na London imekuwa desturi kumpa mhusika mkuu wimbo wa mapema unaotangaza anachokitamani, na wimbo mwingine mzito karibu na mwisho, pale anapolipa gharama ya tamaa hiyo. Ukimkuta mtu mmoja katika mswada wako akishika nyimbo za sehemu zote mbili, umempata mkuu. Nyimbo hizo zikiwa mikononi mwa watu wawili, jiulize kama una wahusika wakuu wawili, jambo ambalo si kosa. Mchezo wa Hamilton, uliofunguliwa mwaka 2015 huko Broadway, yaani kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, umepewa jina la mtu mmoja, lakini anayeisimulia hadithi na kuibeba pamoja naye ni hasimu wake, Burr. Katika Tuzo za Tony, ambazo hutolewa kila mwaka kwa michezo ya Broadway, mwaka 2016 waigizaji wa nafasi hizo mbili, Lin-Manuel Miranda na Leslie Odom Jr., waliwekwa wote katika kundi la waigizaji wakuu, na aliyeshinda ni Odom, aliyecheza hasimu.

Usidanganywe na dakika. Katika The Phantom of the Opera mwenye jina la mchezo huonekana jukwaani kwa muda mfupi kuliko Christine, binti ambaye yeye anampenda. Lakini hata asipoonekana, kila mtu jukwaani anamwogopa au anamtafuta, na Michael Crawford aliyeicheza nafasi hiyo alipewa Tony ya mwigizaji mkuu mwaka 1988. Kinyume chake pia ni kweli: mtu anaweza kukaa jukwaani saa nzima akipiga soga na asiwe mkuu wa chochote.

Hatua ya pili: wagawe wasaidizi kwa kazi zao

Ukishampata mkuu, wengi huwarundika waliobaki kwenye fungu moja na kuwaita wasaidizi. Hapo ndipo michezo inapopwaya. Mhusika msaidizi wa kweli ana kazi inayotajika: yuko mpinzani, anayemzuia mkuu, yuko mshauri, ambaye kwetu huwa bibi, babu au mganga, yuko mchekeshaji, anayewapumzisha watazamaji baada ya tukio zito, na wako wapenzi wa pili, ambao mapenzi yao ya mzaha husimama kando ya yale mazito ya wakuu, kama ilivyofanywa katika Oklahoma! ya mwaka 1943. Mtu ambaye hawezi kuwekwa katika mojawapo ya kazi hizi, na ambaye mkuu hamhitaji kwa jambo lolote, ama ni wa kikundi, yaani waitikiaji na wachezaji wa nyuma, ama hafai kuwepo.

Mfano ambao msomaji wa Kiswahili ataushika upesi ni The Lion King, iliyofika Broadway mwaka 1997 ikiwa na majina ya lugha yetu, Simba na Rafiki miongoni mwao. Rafiki, ambaye jukwaani huchezwa na mwanamke, ndiye anayeufungua mchezo kwa sauti yake, na watu wengi wakitoka ukumbini huondoka na sauti hiyo masikioni. Hata hivyo yeye ni mshauri: hadithi ni ya Simba. Tsidii Le Loka, aliyeicheza nafasi hiyo mwanzo, aliteuliwa kuwania Tony ya mwaka 1998 katika kundi la wasaidizi, na hakuna aliyeona kwamba ameshushwa. Hili liseme wazi mbele ya waigizaji wako: usaidizi ni aina ya kazi, si daraja la kipaji.

Kila msaidizi mpe angalau wimbo mmoja ambao yeye ndiye anauongoza, hata kama ni mfupi. Katika Les Misérables, Éponine si mkuu, lakini anapobaki peke yake jukwaani usiku na kuimba, ukumbi mzima unakuwa wake. Frances Ruffelle alipewa Tony ya msaidizi kwa nafasi hiyo mwaka 1987. Msaidizi asiye na wimbo atautafuta kwa njia nyingine, kwa kurefusha mzaha wake au kusimama mbele ya mwenzake, nawe utatumia mazoezi kumrudisha nyuma.

Kuhusu kikundi sitasema mengi, kwa kuwa hapa mwambao tunakielewa kuliko wanavyokielewa wengi. Aliyekulia kwenye ngoma anajua kwamba manju huanzisha na waitikiaji humbeba, na kwamba manju asiyeitikiwa ni mtu anayepiga kelele barabarani. Waliopitia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, wamezoea kushika ngoma, kucheza na kuigiza kwa pamoja, hivyo hawaoni haya kusimama mstari wa nyuma. Shida huanza tunapofika kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: uelewe jinsi majina yanavyopangwa kwingine

Katika biashara ya Broadway mpaka mkubwa ni jina la mchezo lenyewe. Jina la mwigizaji likiandikwa juu ya jina la mchezo, huyo ni nyota. Likiandikwa chini, huyo ni mmoja wa waigizaji, hata akiwa ndiye anayeimba zaidi. Mpaka huo una matokeo hadi kwenye tuzo, kwa sababu kwa kawaida waratibu wa Tony humweka aliye juu ya jina la mchezo, siku ya ufunguzi, katika kundi la wakuu, na aliye chini katika kundi la wasaidizi, isipokuwa kamati yao iamue vinginevyo.

Ndiyo maana mhusika mmoja ameweza kuwa mkuu na msaidizi kwa nyakati tofauti. Joel Grey alicheza mshereheshaji wa Cabaret na akapewa Tony ya msaidizi mwaka 1967. Mchezo uliporudishwa, Alan Cumming alicheza mshereheshaji huyo huyo na mwaka 1998 akapewa ya mwigizaji mkuu. Kisa cha Yul Brynner kinachekesha zaidi. Alicheza mfalme katika The King and I tangu mwaka 1951, lakini nyota ya mchezo ilikuwa Gertrude Lawrence, na jina la Brynner lilikuwa chini. Kwa hiyo mwaka 1952 mfalme akapewa tuzo ya msaidizi. Aliendelea kuicheza nafasi hiyo kwa miaka, hadi kufikia maonyesho 4,625 mwaka 1985, na kufikia hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kuufikiria mchezo huo bila yeye.

Nyota wakiwa wawili wenye hadhi sawa, kazi inakuwa ya kupima kwa rula. Chicago ilipoanza mwaka 1975, Gwen Verdon na Chita Rivera wote walikuwa juu ya jina la mchezo, na wote waliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto, jina la kushoto huonekana la kwanza. Kwa kuwa tunatazama kutoka juu, jina lililoinuliwa huonekana kubwa. Watu wa filamu waliutumia ujanja huo mwaka 1974 katika The Towering Inferno: Steve McQueen aliwekwa kushoto lakini chini kidogo, Paul Newman kulia lakini juu kidogo, na kila mmoja akaweza kudai kwamba ndiye wa kwanza. Ujanja wa namna hii utakufaa siku utakapokuwa na waimbaji wawili wa taarab wasioamkiana.

Kwetu nyota hakuanza na mabango. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alikuwa na wanamuziki wake, lakini jina lililowavuta wanunuzi lilikuwa lake. Tanga walichukua njia nyingine: watu walikwenda kuisikiliza Black Star au Lucky Star, yaani kundi, hata kama kila mtu alijua kwamba mwimbaji Shakila ndiye anayesubiriwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa mipasho kati ya makundi ya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano, mambo yote mawili yalikwenda pamoja: kundi lilikuwa na jina, na ndani ya kundi Khadija Kopa na Nasma Khamis walikuwa na majina yao. Mtayarishaji wa mwambao, kwa hiyo, ana mila mbili za kuchagua, na ni vyema achague kwa kujua badala ya kumwachia mchapaji.

Hatua ya nne: chagua mpangilio mmoja

Iwapo hakuna hata mmoja ambaye jina lake pekee lingeuza tiketi, weka jina la kikundi juu, jina la mchezo katikati, na waigizaji wote chini kwa herufi za ukubwa mmoja. Huu ndio mpangilio salama, nami naupendekeza kwa kikundi chochote kinachoanza. Ugumu wake pekee ni utaratibu wa majina. Wazungu hutumia alfabeti ya jina la ukoo. Sisi tunaitana kwa jina la kwanza, na ukifuata alfabeti ya jina la kwanza, Asha atakuwa juu maisha yake yote na Zuhura atakuwa chini, na Zuhura atakuuliza. Ninachofanya sasa ni kufuata utaratibu wa kutokea jukwaani na kuandika hivyo waziwazi juu ya orodha: "Kwa utaratibu wa kuonekana." Hakuna anayeweza kuulaumu mswada.

Iwapo una mgeni maarufu ambaye nafasi yake ni ndogo, usimweke juu ya jina la mchezo. Mweke mwisho wa orodha, katika mstari wake mwenyewe, ukitanguliza neno "pamoja na", na ukipenda ongeza jina la mhusika wake: pamoja na fulani kama Bibi. Nafasi ya mwisho iliyotengwa ina heshima yake, na jicho huiona haraka karibu sawa na ya kwanza. Laiti ningejua hivyo mapema, nisingesimama chini ya taa ile nikitafuta kwa kidole.

Iwapo mhusika mkuu wako ndiye pia mwenye jina, mambo ni mepesi: juu ya jina la mchezo, basi.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, muulize kila mtu jina analotaka liandikwe. Wengine watataka majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, wengine jina la usanii, wengine watataka "Bi" au "Mzee" itangulie. Amua kama utaruhusu vyeo hivyo kwa wote au hutaruhusu kwa yeyote, kwa sababu ukimwandika mmoja "Bi" na mwenzake wa rika lake ukamwacha hivi hivi, umeshapanga madaraja bila kukusudia. Usimsahau mtunzi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake.

Hatua ya tano: yaandike makubaliano kabla ya mazoezi

Ukurasa mmoja unatosha, mradi usainiwe kabla ya mazoezi ya kwanza, wakati ambapo hakuna aliyechoka wala aliyekasirika. Andika jina la mhusika na kundi lake, mkuu au msaidizi; mahali jina litakapokaa; na ukubwa wake kwa kulinganisha na jina la mchezo, kwa mfano nusu yake au robo yake. Maneno kama "kubwa" na "la kuonekana" yaache, kwa kuwa kila mtu ana macho yake. Taja pia kama picha ya mtu huyo itatumika, na kama itakuwa peke yake.

Kisha taja kila mahali makubaliano hayo yatakapofanya kazi. Bango na programu watu huvikumbuka. Wanachosahau ni picha inayosambazwa kwa simu, tangazo la redio, na hasa gari la matangazo. Gari lile linalozunguka Magomeni na Dunda na spika mbili juu ya paa ndilo bango la kweli la mji huu, na mtangazaji wake ana tabia ya kutaja jina analolijua yeye. Mpe karatasi iliyoandikwa neno kwa neno, na siku ya kwanza panda naye. Mimi nilimsikia mmoja akitangaza kwa saa mbili kwamba atakuwepo mwimbaji ambaye hatukuwahi hata kuzungumza naye.

Malipo yaandike kwenye aya ya peke yake. Mtu anaweza kulipwa zaidi na jina lake likawa dogo, au kinyume chake, na mazungumzo huwa rahisi pale mambo hayo yanapojadiliwa kwa zamu.

Hatua ya sita: mwandae wa akiba, naye mtaje

Kwa kila mhusika mkuu chagua mtu kutoka kwenye kikundi anayejifunza nafasi yote: nyimbo, maneno, mahali pa kusimama. Mpe walau mazoezi mawili kamili akiwa na wapiga muziki, maana kujua maneno si sawa na kujua pumzi. Mwaka 1954 Shirley MacLaine alikuwa katika kikundi cha The Pajama Game huko Broadway akiwa wa akiba wa Carol Haney. Haney alipoumia kifundo cha mguu, MacLaine aliingia, mtayarishaji wa filamu akamwona, na akatoka hapo na mkataba wa sinema. Msimulie kisa hiki anayelalamika kwamba anajifunza bure.

Kwa watazamaji, kanuni ni kwamba waambiwe kabla pazia halijafunguliwa, iwe kwa karatasi ndani ya programu, kibao mlangoni au sauti ya mshereheshaji. Huko Broadway, kwa kawaida mwenye tiketi huweza kurudishiwa fedha au kubadilishiwa siku endapo aliyekosekana ni yule ambaye jina lake liko juu ya jina la mchezo. Kwa mwingine yeyote, hapana. Hapo utaona uzito wa mstari ule: ukimweka mtu juu, umewaahidi watu kwamba ndiye wamemlipia. Ukishindwa kuibeba ahadi hiyo, mweke chini.

Hatua ya saba: salamu za mwisho

Salamu za mwisho ni bango la pili, safari hii likisomwa kutoka chini kwenda juu: kikundi kwanza, kisha wasaidizi wawili wawili, kisha mpinzani, na mhusika mkuu mwisho. Zifanyie mazoezi kama tukio lolote, ukihesabu hatua, kwa sababu bila mazoezi mwenye jina kubwa atajisogeza katikati. Mgeni maarufu mwenye nafasi ndogo apewe salamu yake mwenyewe kabla ya mkuu, na iandikwe kwenye makubaliano kwamba atabaki hadi hapo, harusi au la. Baada ya kupokea makofi yake, mkuu ageuke na kunyoosha mkono kuelekea kwa wapiga muziki, na fundi wa taa aambiwe asizime kitu mpaka mpiga zumari wa nyuma kabisa ameinuka akaonekana.